Kuunganisha, Kudondosha, Kufifisha: Uhakiki wa Mapokeo Mawili ya Ufundishaji wa Usemi Mfululizo wa Kiingereza kwa Wazungumzaji wa Lugha za Kibantu

Ikisiri

Makala haya yanahakiki mapokeo mawili yanayoongoza ufundishaji wa usemi mfululizo wa Kiingereza, yaani namna maneno yanavyoshikana yanapotamkwa pamoja. Mapokeo ya kwanza, yanayowakilishwa na A. C. Gimson (1962), yamezaa desturi ya kumtaka mwanafunzi aige mshikamano huo. Mapokeo ya pili, yanayowakilishwa na Jennifer Jenkins (2000), yanamruhusu auache. Kwa kutumia mifano ya Kiswahili, Kiganda na Kinyarwanda, makala yanadai kuwa mapokeo yote mawili yana kasoro moja ya pamoja: yanauchukulia usemi mfululizo kuwa fungu moja la kupokelewa au kukataliwa kwa jumla. Ndani ya fungu hilo mna michakato mitatu tofauti. Mzungumzaji wa lugha ya Kibantu tayari ana mazoea ya kuunganisha. Anapodondosha hufuata njia iliyo kinyume na ya Kiingereza. Na kufifisha irabu hakumo kabisa katika lugha yake. Kila mchakato unahitaji uamuzi wake wa kifundishaji. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga mitaala wa Uganda na Rwanda.

Maneno muhimu: usemi mfululizo, udondoshaji, usilimisho, usikilizaji, sera ya lugha

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kampala au Kigali aliyesoma Kiingereza kwa miaka sita huisoma sentensi "What did you do with it?" bila shida. Maneno yote sita anayajua, na kila moja anaweza kulitamka na kulitumia. Sentensi hiyo hiyo ikitamkwa kwa kasi ya kawaida na mzungumzaji asiyejali kwamba anasikilizwa na mgeni, mwanafunzi husikia kitu kinachokaribia "wojuduwidhit". Hapo hutafuta neno asilolijua, kumbe hakuna neno asilolijua. Kilichompotea ni mipaka ya maneno.

Tatizo hili lina uzito wa pekee katika nchi ambako Kiingereza ni lugha ya kufundishia. Nchini Uganda, mtaala ulioanza mwaka 2007 unatoa nafasi kwa lugha za wenyeji katika madarasa matatu ya mwanzo, na darasa la nne ni la mpito kuelekea Kiingereza. Nchini Rwanda, serikali iliamua mwaka 2008 kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia, na mwaka 2019 ilitangaza kwamba kitumike tangu darasa la kwanza. Katika hali kama hiyo, mtoto asiyepata mipaka ya maneno katika usemi hapotezi alama za somo la Kiingereza peke yake. Hupoteza pia hisabati, sayansi na historia.

Huenda swali hili likaonekana kuwa la walimu wa Kiingereza pekee. Hata hivyo, zana za kulichambua zimekwisha kuandaliwa katika fonolojia ya Kiswahili na ya lugha jirani, na zinafundishwa katika vyumba vilivyo karibu na kile cha somo la Kiingereza. Kwamba mapokeo yanayotawala ufundishaji hayakuzitumia ndiyo hoja ya msingi ya uhakiki huu.

2. Mapokeo ya kwanza: mwanafunzi aige

Kitabu cha Gimson, An Introduction to the Pronunciation of English, kilichotoka mwaka 1962, kilikuwa rejea kuu ya matamshi ya Kiingereza cha Uingereza kwa vizazi kadhaa vya walimu. Sehemu yake inayohusu usemi mfululizo inaeleza kwa nidhamu kubwa jinsi sauti zinavyobadilika pale maneno yanapokutana. "Ten boys" huelekea kuwa "tem boys". "Next day" huwa "neks day". "Did you" hutamkwa kana kwamba kuna "j" katikati. Na kati ya "far" na "away" hujitokeza "r" ambayo haisikiki "far" inaposimama peke yake. Kama maelezo ya lafudhi moja ya tabaka moja la Waingereza, kazi hiyo haina kasoro kubwa.

Kasoro ilizaliwa pale maelezo yalipogeuzwa kuwa amri. Waandishi wa vitabu vya mazoezi walichukua orodha ya mabadiliko hayo na kuifanya orodha ya mambo ambayo mwanafunzi sharti ayatoe kinywani mwake. Hivyo mwanafunzi wa Masaka akajikuta anafundishwa kuchopeka "r" kati ya "law" na "and" katika "law and order", sauti ambayo haimo katika maandishi, ambayo Waingereza wengine wenyewe huilaumu, na ambayo haimsaidii msikilizaji yeyote wa Afrika Mashariki kuelewa zaidi. Faida pekee ya zoezi kama hilo ni kumfanya mwanafunzi afanane na mtu fulani. Hasara yake inajulikana katika eneo zima: anayejitahidi kufanana hivyo huambiwa na wenzake kwamba anaongea kwa puani, na wengi huacha kabisa kusema darasani kuliko kuchekwa.

Mapokeo haya yaliungwa mkono na nadharia ya mahadhi. Kenneth Pike (1945) alitofautisha lugha ambazo mapigo yake hufuata mkazo na zile ambazo mapigo yake hufuata silabi. David Abercrombie (1967) aliipanua tofauti hiyo iwe kanuni ya lugha zote. Kutokana nayo yalizuka mazoezi ya kupiga makofi au kugonga meza kwa vipindi sawa huku mwanafunzi akizibana silabi zisizo na mkazo ziingie katikati ya mapigo. Tatizo ni kwamba vipimo havikuithibitisha kanuni hiyo. Peter Roach (1982) na Rebecca Dauer (1983) walionyesha kuwa vipindi kati ya mkazo na mkazo katika Kiingereza havilingani kuliko vile vya lugha zilizodhaniwa kufuata silabi. Dauer aliona kwamba tofauti isikikayo hutokana na mambo mengine: muundo wa silabi, nafasi ya mkazo katika lugha, na kufifishwa kwa irabu zisizo na mkazo. Kwa maneno mengine, mahadhi ni matokeo, si chanzo. Mwalimu anayepiga makofi anafundisha matokeo bila kugusa kinachoyaleta.

Ndani ya mapokeo haya haya ilipata kutokea sauti ya tahadhari. Gillian Brown, katika Listening to Spoken English (1977), alisisitiza kwamba mgeni anahitaji kuuelewa usemi wa kasi, na kwamba kuuelewa si sawa na kuutoa. Tofauti hiyo kati ya sikio na kinywa ndiyo iliyopaswa kuwa msingi wa mitaala. Vitabu vingi vya mazoezi viliendelea kushughulika na kinywa.

3. Mapokeo ya pili: mwanafunzi aache

Jenkins, katika The Phonology of English as an International Language (2000), alianza na swali jingine: ikiwa watu wengi wanaozungumza Kiingereza duniani leo wanazungumza na wengine ambao nao walijifunza, ni sauti zipi hasa zikikosewa maana huvunjika? Alichunguza mazungumzo ya wanafunzi wa lugha mbalimbali, hasa wa kutoka Asia na Ulaya, akabainisha kiini cha matamshi kinachohitajika ili watu waelewane. Konsonanti nyingi, urefu wa irabu, mafungu ya konsonanti mwanzoni mwa neno na mkazo mkuu wa kirai viliingia ndani ya kiini hicho. Irabu hafifu za maneno kama "of" na "to", usilimisho kati ya maneno, na mahadhi ya mkazo vilibaki nje.

Kwa Afrika Mashariki kazi hii ilikuwa ukombozi wa aina yake. Josef Schmied (1991) alikwisha kueleza kwamba Kiingereza cha eneo hili hutamka irabu zote kwa ukamilifu na kuzipa silabi uzito unaokaribiana. Kabla ya Jenkins sifa hizo zilihesabiwa kuwa upungufu. Baada yake iliwezekana kuzitetea kwa ushahidi: mzungumzaji anayesema "for example" kwa irabu kamili haeleweki vibaya, na pengine msikilizaji mgeni humwelewa kwa wepesi zaidi. Utetezi huo ni wa haki na haupaswi kurudishwa nyuma.

Hata hivyo, hoja ya Jenkins ina mapengo mawili ambayo wanaoitumia katika sera hawakuyazingatia vya kutosha.

Pengo la kwanza linahusu mazingira ya data. Watu waliochunguzwa walikuwa wakizungumza ana kwa ana. Katika hali hiyo asiyeelewa huuliza, na anayesema hupunguza kasi, hurudia, huchagua neno jingine. Mwanafunzi wa Huye anayesikiliza somo lililorekodiwa, au mhadhara wa mgeni mbele ya ukumbi wa watu mia mbili, hana nafasi ya kuuliza. Kiini kilichopatikana kwa kuchunguza mapatano ya watu wawili hakitoshi kuwa kipimo cha anachohitaji msikilizaji wa upande mmoja. Jenkins alijibu swali la kinywa. Wasomaji wake wengi walidhani amejibu pia swali la sikio.

Pengo la pili liko ndani ya hoja yenyewe. Kiini chake kinakataza kuacha konsonanti mwanzoni mwa neno, lakini katikati na mwishoni kinaruhusu udondoshaji unaofuata kanuni za Kiingereza. Katika "factsheet", kwa mfano, "t" ya kwanza yaweza kudondoka bila madhara, ila si "k" inayoitangulia. Kanuni hizo za nini hudondoka na nini hubaki ni sehemu ya kanuni zilezile za usemi mfululizo ambazo mwanafunzi ameambiwa aache. Kwa hiyo mapokeo ya pili hayakuuondoa usemi mfululizo. Yaliuingiza upya kwa mlango wa nyuma, bila kusema nani ataufundisha.

4. Kosa la pamoja

Ni dhahiri kwamba mapokeo haya mawili yanatofautiana katika hukumu, moja likisema "iga" na jingine likisema "acha". Yanapokubaliana ni katika kile kinachohukumiwa. Yote mawili yanaukusanya usemi mfululizo katika fungu moja, ama la kubebwa lote, ama la kutuliwa lote. Kwa mzungumzaji wa lugha ya Kibantu, fungu hilo lina vitu vitatu visivyofanana: kuunganisha, yaani kuliingiza neno moja katika jingine bila kituo; kudondosha na kusilimisha, yaani kuondoa sauti au kuifananisha na jirani yake; na kufifisha, yaani kuinyima irabu ubora wake kamili. Ikiulizwa ni kipi kati ya vitatu hivi mwanafunzi tayari anacho, picha hubadilika.

4.1 Kuunganisha: alichonacho

Vitabu vingi vya mazoezi huanza na dhana kwamba mwanafunzi hutamka neno moja moja kama anayehesabu mawe, na kwamba kuunganisha ni ujuzi mgeni. Katika lugha zake mwenyewe hali si hiyo. Mganda husema na kuandika "omusajja n'omukazi", yaani mwanamume na mwanamke, ambapo irabu ya "na" imedondoka mbele ya irabu ya neno linalofuata, na irabu iliyobaki hurefuka. Mnyarwanda husema na kuandika "umugabo n'umugore", na Mrundi vivyo hivyo. Mswahili huunganisha "mwana wangu" kuwa "mwanangu", "mke wake" kuwa "mkewe", "na yeye" kuwa "naye". Hakuna mtoto wa Afrika Mashariki aliyefundishwa shuleni kusema "mamangu". Aliisikia, akaisema.

Vilevile, lugha hizi hukwepa irabu mbili kukabiliana. "Mu" na "alimu" hutoa "mwalimu". "Vi" na "ombo" hutoa "vyombo". "Wa" na "ingi" hutoa "wengi". Massamba, Kihore na Msanjila (2004), katika Fonolojia ya Kiswahili Sanifu, wanaeleza michakato ya namna hii, ikiwa ni pamoja na uyeyushaji na muungano wa irabu, kwa istilahi ambazo mwanafunzi wa sekondari na chuo huzikariri kwa ajili ya mtihani. Kiingereza nacho hukwepa mgongano huohuo: kati ya "go" na "out" hupita mfano wa "w", na kati ya "see" na "it" hupita mfano wa "y". Njia si ileile, kwa kuwa Kiswahili hugeuza irabu iliyopo ilhali Kiingereza huongeza daraja jembamba baada yake. Lakini hitaji ni moja, na mwanafunzi anayeijua "vyombo" ana mahali pa kuanzia.

Kwa Rwanda kuna jambo la ziada. Walimu wengi waliotakiwa kuhamia Kiingereza baada ya mwaka 2008 walikuwa wamesomea Kifaransa. Wanajua kwamba katika "les amis" konsonanti isiyosikika "les" inapokuwa peke yake hufufuka na kuungana na irabu inayofuata. Mwalimu huyo anabeba mifumo miwili ya kuunganisha, wa Kinyarwanda na wa Kifaransa. Kumpa semina ya matamshi inayoanza na dhana kwamba hajui kuunganisha ni kupoteza muda wake na kumdharau pamoja.

4.2 Kudondosha na kusilimisha: kinyume cha mazoea

Hapa hali inachanganyika. Usilimisho wa nazali haumshangazi mzungumzaji wa Kibantu hata kidogo. Kiswahili husema "nyumba mbaya" lakini "nyumba ndefu", nazali ikifuata mahali pa konsonanti inayoandamana nayo. Mnyarwanda anayesema "arambona", ananiona, amekwisha kuigeuza "n" kuwa "m" mbele ya "b". "Tem boys" ni kanuni hiyohiyo, isipokuwa Kiingereza kinairuhusu ivuke mpaka wa neno. Maelezo ya dakika tano yanayoanzia "mbaya" yangetosha.

Udondoshaji ni jambo jingine. Kiingereza kinapobanwa na konsonanti nyingi huondoa konsonanti. Lugha za Kibantu zinapobanwa huongeza irabu. "Club" ikawa "kilabu". Mwanafunzi anayesema "nekisti dei" kwa "next day" anafuata silika ya lugha yake, na Jenkins mwenyewe aliona kwamba kuongeza irabu huvuruga maana kidogo kuliko kuacha konsonanti. Kwa upande wa kinywa, basi, hakuna dharura. Kwa upande wa sikio ipo. Katika "they worked today", "t" ya wakati uliopita humezwa na "t" ya "today", na kinachosikika hakitofautiani na "they work today". Katika somo la historia, tofauti ya kilichokuwa na kilichopo si ndogo. Mwanafunzi asiyejua kwamba sauti hiyo yaweza kutoweka huamini sikio lake na kuandika wakati uliopo. Anayejua hutafuta ushahidi kwingineko katika sentensi.

4.3 Kufifisha: asichokuwa nacho

Kiswahili kina irabu tano, na kila moja hubaki ilivyo, iwe na mkazo au isiwe nao. Kiganda na Kinyarwanda vina irabu tano hizohizo, fupi na ndefu. Hakuna hata moja kati ya lugha hizi inayoidhoofisha irabu hadi iwe ile irabu fupi ya katikati ya kinywa iitwayo shwa. Kiingereza huitumia kuliko irabu nyingine yoyote, na hasa katika maneno madogo yanayobeba sarufi: "a", "the", "of", "to", "for", "can", "was". Ndiyo maana "a cup of tea" husikika kama neno moja lenye "kapa" ndani yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni "can" na "can't". Katika lafudhi nyingi za Marekani, "t" ya "can't" mbele ya konsonanti hubanwa isisikike vizuri. Msikilizaji hutofautisha kukubali na kukataa kwa irabu: ikiwa imefifia, maana yake ni "naweza", ikiwa kamili, maana yake ni "siwezi". Mwanafunzi wa Afrika Mashariki amezoea "can" yenye irabu kamili. Akisikia "I can't go" kwa lafudhi hiyo, huenda akaelewa kinyume kabisa. Na yeye akisema "I can go" kwa irabu yake kamili, Mmarekani huweza kusikia kukataa. Muuguzi anayepokea maelekezo ya dawa kwa simu hawezi kuichukulia tofauti hiyo kuwa suala la mapambo ya lafudhi.

Mfano huu unapaswa kuwaonya wanaosema kwamba kufifisha kwaweza kuachwa tu. Lakini hauwapi ushindi wanaotaka kuiga. Suluhisho la kinywa lipo karibu: mwanafunzi afundishwe kusema "cannot" kwa ukamilifu pale kosa linapoweza kuleta madhara. Hivyo kinywa chake kinabaki na irabu zake, maana inabaki salama, na juhudi yote inaelekezwa kulizoeza sikio irabu iliyofifia.

5. Sikio na mpaka wa neno

Kiini cha shida, kama ilivyodokezwa mwanzoni, ni mpaka. Anne Cutler na Dennis Norris (1988) walitoa ushahidi kwamba msikilizaji wa Kiingereza huichukulia silabi yenye nguvu kuwa dalili ya mwanzo wa neno. Mazoea hayo yanamfaa, kwa sababu maneno mengi ya Kiingereza yenye maana kamili huanza na silabi ya namna hiyo. Mswahili ana mazoea ya kinyume. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hata maneno yanapoungana huhama: "máma" ikawa "mamángu". Kwake mkazo hutangaza kwamba imebaki silabi moja neno liishe. Ishara ileile inamwambia mmoja "neno limeanza" na mwingine "neno linakwisha".

Kiganda na Kinyarwanda ni lugha za toni, na dalili yao yaweza kuwa nyingine. Nomino zake nyingi huanza na irabu: "omwana", "abaana", "ekitabo" kwa Kiganda, "umwana", "abana", "igitabo" kwa Kinyarwanda. Inawezekana, basi, kwamba sikio lililolelewa katika lugha hizi huitegemea irabu ya mwanzo kama alama ya neno jipya. Kiingereza huivuruga alama hiyo kila mara, kwa kuwa konsonanti ya neno lililotangulia huirukia irabu inayofuata, na "an apple" ikawa "a napple". Dhana hii inastahili kupimwa kwa majaribio. Ikithibitika, mazoezi ya usikilizaji ya Mswahili na ya Mganda hayatakuwa yaleyale.

Kwamba sikio hugawa usemi kwa sarufi yake lenyewe si jambo geni katika historia ya Kiswahili. Maneno mawili ya Kiingereza ya kuwaelekeza madereva wabaki kushoto yalisikiwa kuwa neno moja lenye kiambishi cha ngeli, yakawa "kiplefti" katika umoja na "vipilefti" katika wingi. Bati la kuzuia tope kwenye gurudumu likawa "madigadi", na wasemaji wakalipatia umoja, "digadi". Waingereza wenyewe hawakusalimika. "Apron" na "adder" yalianza na "n" hapo zamani, na "newt" haikuwa nayo. Mpaka kati ya neno na "a" au "an" ulisikika vibaya, na kosa likawa lugha sanifu. Kukosea mpaka, basi, si ishara ya ujinga wa mwanafunzi wa Kiafrika. Ni kazi ya kawaida ya sikio linalotumia kanuni linazozijua.

Richard Cauldwell (2013) amelieleza tofauti la maneno yanavyofundishwa na yanavyosikika kwa mfano wa mimea: neno ndani ya kitalu, likiwa peke yake, neno katika bustani, likiunganishwa kwa utaratibu, na neno msituni, likiwa limesongwa na mengine hadi halitambuliki. Mapokeo ya kwanza yaliifundisha bustani kwa kudhani ni msitu. Mapokeo ya pili, yanapotumiwa bila uangalifu, humbakiza mwanafunzi kitaluni. Masomo ya kawaida ya usikilizaji nayo hayamfikishi msituni, kwa sababu, kama John Field (2008) anavyolalamika, humpima mwanafunzi kwa maswali ya ufahamu bila kumfundisha namna ya kusikia. Aliyekosa jibu huambiwa tu kwamba amekosa.

6. Athari kwa sera na mitaala

Kutokana na uhakiki huu, mambo manne yanajitokeza kwa washauri wa sera.

Kwanza, mitaala itenganishe malengo ya kinywa na ya sikio. Katika kinywa, irabu kamili za Kiingereza cha Afrika Mashariki zikubaliwe waziwazi, na mwalimu asipunguzwe alama za ukaguzi kwa ajili yake. Katika sikio, kufifisha na kudondosha viwe mada za lazima tangu darasa la mpito.

Pili, mazoezi yawe ya kusikia vipande vifupi. Imla ya virai vya maneno matatu au manne, vilivyotamkwa kwa kasi ya kawaida, hudai kifaa kidogo tu cha kuchezea sauti. Kila kosa la mwanafunzi liandikwe ubaoni kama ushahidi: aliyeandika "a napple" amesikia sawasawa, ila amegawa pasipo.

Tatu, mwalimu wa Kiingereza na mwalimu wa Kiswahili au wa lugha ya mwenyeji watumie istilahi moja. Uganda na Rwanda zimeipa lugha ya Kiswahili nafasi kubwa zaidi katika miaka ya karibuni, Rwanda ikiifanya lugha rasmi mwaka 2017. Nafasi hiyo itumike pia kuleta vyombo vya uchambuzi. Mwanafunzi aliyefundishwa uyeyushaji na usilimisho saa tatu hapaswi kuambiwa saa tano kwamba Kiingereza kina tabia za ajabu zisizo na jina.

Nne, mafunzo ya walimu yaanze na lugha walizonazo. Kwa mwalimu wa Rwanda hilo lina maana ya kuanzia "n'umugore" na "les amis" kabla ya kufika "an apple".

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Wapo wanaodai kwamba sikio halifunzwi bila kinywa, na kwamba anayejaribu kutamka umbo lililofifia hulitambua upesi zaidi. Dai hilo lina mantiki, na hakuna sababu ya kumkataza mwanafunzi kujaribu. Lakini kujaribu umbo ili kulitambua ni zoezi. Kupimwa na kuhukumiwa kwa kutolitoa ni jambo jingine. Mapokeo ya kwanza yaliyachanganya mawili hayo, na ni mwanafunzi aliyelipia.

7. Hitimisho

Mapokeo ya kuiga yalimpa mwanafunzi wa Kibantu mzigo usiomhusu. Mapokeo ya kuacha yalimtua mzigo huo pamoja na kitu alichokihitaji ndani yake. Uchambuzi wa michakato mitatu unaonyesha kwamba kuunganisha anako, kudondosha ataelewa akielezwa, na kufifisha lazima asikilizishwe hadi azoee. Maarifa ya kumsaidia yamo katika sarufi anazofundishwa tayari. Kinachosubiriwa ni uamuzi wa watunga mitaala wa kuviweka vipindi hivyo viwili, cha lugha yake na cha Kiingereza, katika ratiba inayozungumza lugha moja.